Bao Moja Tu

Siku moja baada ya klabu yetu ya Kalemie kupokea timu ya taifa ya Burundi kwa mechi ya kirafiki, nilipanda taxibus ya Lubuye. Mbele yangu walikaa papa mmoja aliyejifunga skafu ya klabu, na joto lote lile, na mama muuza dagaa.

"Tumefungwa bao moja tu, mama," papa alisema. "Na timu ya taifa."

"Nani amefungwa?" mama akauliza. "Wale wachezaji mulioazima Lubumbashi? Kipa wenu hata njia ya soko haijui."

"Tungeweka watoto wetu, tungefungwa saba."

"Basi hayo saba yangekuwa yetu."

Mtu akacheka nyuma. Papa akaeleza kwamba mgeni mukubwa hapewi ugali wa jana. Alionekana kuipenda sana methali hiyo, ambayo sikuwahi kuisikia.

"Huo ugali wa jana njo mutoto wangu," mama akasema. "Dieumerci, kapiteni wenu. Mwaka mzima anakimbia asubuhi kando ya ziwa mbele ya kwenda kazi bandarini. Jana mulimuvalisha jezi, akapigwa picha na wageni, kisha mukamwambia akae. Bibi yake alitoka Nyunzu kumuona akicheza. Alimuona amekaa."

Papa akashusha sauti. "Mechi ijayo atacheza. Mimi niko mu komite."

"Na jezi gani? Ile yenu leo nimepangusia sufuria."

Tulikuwa tumefika Lubuye, na mama alishashuka.