Doreen Tuckwell na Tiketi za Corder Street

Ijumaa ya tarehe 28 Machi 2025, saa tisa alasiri, Bi. Doreen Tuckwell atapanda ngazi tisini na nane za kituo cha treni ya chini ya ardhi cha Corder Street kwa mara ya mwisho akiwa mtumishi, baada ya miaka thelathini na saba kazini. Tunaomjua tunajua atazipanda bila kupumzika, kisha atasimama juu atucheke sisi tunaohema.

Alianza mwaka 1988 kwenye dirisha la tiketi la kituo kimoja kusini mwa mto unaogawa jiji letu. Hakujua kusema "sijui". Ukimuuliza njia, atakupa njia, hata kama mahali penyewe hajawahi kupasikia. Kuna padri mmoja aliyetumwa Barking, upande mwingine kabisa wa jiji, kufungisha ndoa iliyokuwa ikimsubiri Balham. Alirudi kesho yake akiwa amefura kwa hasira, na akaondoka amekunywa chai vikombe viwili na kumaliza biskuti zetu.

Mwaka 1999 alihamishiwa kitengo cha vituo vilivyofungwa, na wengi tulidhani ameadhibiwa. Nani anapenda kushinda kwenye shimo ambalo treni haijasimama tangu mwaka 1934? Doreen alipokea ufunguo wa Corder Street kama mtu aliyepewa nyumba. Alifagia, akaweka taa, akaanza kuwatembeza wageni, na kabla ya Krismasi foleni ya kumsikiliza ilikuwa imekata kona.

Utaratibu wake ulikuwa mmoja, na hakuambilika juu yake. Kila mgeni anayeshuka hupewa tiketi ya zamani ya karatasi ngumu, kutoka kwenye maboksi yaliyoachwa na waliofunga kituo. Akirudi juu, anaikabidhi kwa mlinzi wa mlango, ambaye huitundika kwenye msumari. Zikitimia, mlango unafungwa. Ikipungua hata moja, mlango haufungwi, awe anaomba nani.

Mlinzi huyo ni mimi ninayeandika haya, na sasa inabidi nikiri kosa langu. Siku moja ya Februari 2008 zilishuka tiketi ishirini, zikapanda ishirini. Nikafunga mlango mchana kweupe, nikaenda zangu kula mkate wa nyama. Doreen alikuwa chini, amerudi kuokota glovu ya mgeni. Yeye mwenyewe hakuwahi kujipa tiketi, wala hakuna aliyewahi kufikiria kumpa.

Aligonga hadi kiganja kikawasha. Simu yake haikushika mtandao. Mwishowe akashuka tena, maana chini kuna joto kuliko ngazini, akaketi sakafuni mwisho wa jukwaa, mgongo ukutani. Alipojigeuza, koti lake lilikuwa limefuta vumbi, na pale chini kabisa, usawa wa mtu aliyelala, akaona maandishi ya penseli. Majina. Familia baada ya familia, na mistari ya kugawa nafasi za kulala. Miaka tisa alikuwa akiwaambia wageni kwamba watu waliojificha hapa wakati wa mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia hawakuacha alama yoyote. Alikuwa akisema hivyo akiwa amesimama, na wao waliandika wakiwa wamelala.

Nilipofungua mlango baada ya saa mbili, nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Alinishika mkono tu, akasema, "Alvin, kipenzi, njoo ulale chini uone." Matusi yalikuja baadaye, na yalikuwa ya haki.

Tatizo ni kwamba ukuta ule ulikuwa umepangiwa kubomolewa ndani ya wiki sita, ili ipite feni kubwa ya kupeleka hewa kwenye njia ya treni ya jirani. Mhandisi, Bw. Gareth Pritchard, hakuwa mtu mbaya. Abiria wake walikuwa wakizirai kwa joto kila Julai. Alimwambia, "Mama, maandishi haya yanaweza kuwa ya vibarua wa juzi tu. Niletee mtu aliyelala hapa, nami nitamsikiliza."

Doreen alinakili majina yote kwenye daftari na kuanza kuyasoma kwa sauti sokoni, makanisani, kwenye nyumba za wazee, na mara moja kwenye foleni ya samaki wa kukaanga hadi wenye njaa wakamfokea. Wiki ya tano ilifika, hajapata mtu. Nilimwona ofisini ameshika tama, chai imepoa mbele yake, na katika miaka yote hiyo sijawahi kumwona vile tena.

Siku nne kabla ya siku ya kubomoa, akaja Bi. Beryl Noakes, aliyesikia habari za majina yale, miaka sabini na saba, amevaa kofia yake ya kanisani. Alikuwa na miaka tisa alipolala Corder Street na mama yake na mdogo wake Teddy. Jioni moja Teddy alitoroka kwenda nyumbani kuchukua penseli yake, na bomu likamkuta huko. Tangu hapo Bi. Noakes hakuwahi kushuka chini ya ardhi. Maisha yake yote alipanda basi. "Watu mia nne walikuwa mle," alituambia, "na hakuna aliyetuhesabu."

Doreen alimpa tiketi. Bi. Noakes akaitazama, akasema, "Nipe na ya Teddy." Akapewa.

Walishuka polepole, Doreen akibeba kiti cha kukunja na kukikunjua kila penye nafasi. Bw. Pritchard alikuwa akisubiri chini na tochi yake. Kabla hawajafika ukutani, Bi. Noakes alisimama akasema, "Kuna mbwa chini ya jina la Teddy. Ana miguu mitatu. Nilimpokonya penseli kabla hajamaliza, ndipo nikaipeleka nyumbani na kuificha." Bw. Pritchard alipiga magoti, akamulika. Mbwa alikuwepo, na miguu yake ilikuwa mitatu. Mhandisi akavua kofia yake ngumu. Feni ikahamishiwa upande wa pili, na ukuta upo hadi leo nyuma ya kioo.

Bi. Noakes alipofika juu alinikabidhi tiketi moja. Nilimwambia Doreen kwamba imepungua moja. Akanijibu, "Najua. Usifunge." Tukauacha mlango wazi hadi saa ya kwenda nyumbani, na kwa hilo nilipata barua ya onyo ambayo mpaka leo naitunza kama cheti.

Maelfu wamepita mbele ya ukuta ule kwa sababu yake, na zaidi ya familia sitini zimewapata watu wao. Kwa hayo yote, Doreen, na kwa kutusamehe sisi wazito wa vichwa, tunasema asante kutoka moyoni. Tutakukosa sana. Uende ukapumzike, ulime bustani yako, uwapotoshe njia majirani, na Mungu akupe miaka mingi yenye afya na kicheko.

Ijumaa hii watashuka wageni ishirini, na kwa mara ya kwanza nitatoa tiketi ishirini na moja. Ya mwisho ina jina lako. Ukifika juu usinikabidhi. Iweke mfukoni uende nayo nyumbani. Msumari wangu utabaki na pengo la tiketi moja, na utaratibu ni wako mwenyewe: mlango haufungwi.

Alvin Braithwaite
Mlinzi wa mlango wa juu, Corder Street