Bendi ya Mbele ya Jeneza

Basi la Kipushi lilikuwa halijatoka hata Lubumbashi, na nyuma ya Caleb watu wawili wasiojuana walikuwa wameshaanza kugombana. Papa Paulin alipakata ngoma ya fanfare, bendi ya tarumbeta na ngoma, ya parokia. Mama Joëlle alikumbatia tarumbeta ya fanfare ya mgodi. Wote wawili walikuwa wakienda kumzika mzee Kasonde, mwalimu wa bendi zote mbili, na kwa desturi ya Kipushi bendi iliyozaliwa kwanza ndiyo hutangulia jeneza.

"Yetu iko ya kwanza, papa. Baba yangu alikuwa anapiga wakati bapadri benu habakukuwa hata na filimbi!"

"Ile haikukuwa fanfare, mama. Ilikuwa sirène ya mgodi, ya kulia asubuhi kuamusha bantu ba kazi!"

Caleb alitazama dirishani ili kicheko chake kisionekane.

"Mzee Kasonde alianzia kwetu!" Mama Joëlle alisema.

"Na akawakimbia. Masikio ilikuwa inamuuma!"

Basi liliposimama Kipushi, wote wawili waliruka washuke wa kwanza, ngoma ikakwama mlangoni. Nje, bendi mbili zilikuwa zikipiga wimbo uleule wa msiba, kila moja ikiukimbiza ili iumalize kabla ya mwenzake.