Msaidizi wa Gregory

Kijiwe cha kahawa cha Mwamvua kiko Kahama, kwenye kona ya kwenda Nyihogo, mkabala na fundi wa makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Asubuhi hiyo benchi lilijaa kumpongeza Gregory, mgawa barua na vifurushi wa kampuni moja ya hapo mjini. Wakubwa walikuwa wamekuja kuwapanga wafanyakazi upya. Gregory akapewa cheo cha msambazaji, mshahara wa mwezi na bima. Mwenzake Violeth, aliyeanza naye kazi siku moja, akaandikwa msaidizi, yaani kibarua wa kulipwa kwa siku. Kahawa ya Gregory ilikuwa inapoa mkononi.

— Yule dada kaponzwa na baiskeli, alisema Ndaki, mchimbaji mstaafu wanayemwita Mwamba. Mwenye pikipiki ni msambazaji. Mwenye baiskeli ni mpita njia.

— Wapi, bhana! Dalali wa viwanja aitwaye Sikujua, waliyembatiza Wakili, aligonga benchi. Siku hizi wanapima mbwa. Mtaa wenye mbwa wakali, cheo kinapanda.

— Majengo anakogawa Violeth hakuna mbwa? aliuliza Mwamba.

— Wapo, ila wamemzoea. Hao hawahesabiki!

— Mimi nasikia kuna mashine, akasema Mwamba. Unavua shati, wanalikamua, wanapima jasho. La Violeth limekuwa jepesi.

Benchi zima likaangua kicheko. Gregory naye akacheka, akajisikia vibaya kabla hajamaliza. Akilini alikuwa bado anamwona yule mkubwa aliyewapanga, ofisini, na Violeth amesimama pembeni, mfuko begani.

"Huyu anagawa mwenyewe, au anakusaidia wewe?"

Nafasi ilikuwa moja, na Gregory alishajua.

"Ananisaidia," alijibu.

Violeth alimtazama, halafu akatoka kwenda kugawa.

— Na huyu ni chuma! Wakili alimpiga Gregory begani. Mwaka jana kalazwa mwezi mzima na mgongo, lakini hakuna kifurushi kilichochelewa. Mtu wa hivyo utamnyimaje cheo?

Mwishoni mwa benchi alikuwa amekaa mama mmoja mgeni, Scolastika, muuza mitumba aliyehamia juzi kutoka Ushirombo. Tangu afike alikuwa ameitikia salamu tu.

— Samahani, kaka, alimwambia Gregory. Huo mwezi uliolazwa, huyo dada alikuwa anamsaidia nani?

Wakili aliinamia kikombe chake. Mwamba akageukia kwa fundi wa makarasha, kana kwamba kaitwa huko. Scolastika alikuwa bado anasubiri jibu; hakuuliza kwa ubaya.

— Niliulizwa mimi, alisema Gregory. Nikasema ananisaidia.

Wakili alisogea kidogo kwenye benchi, bega lake lisiguse la Gregory. Mwamvua akaja na birika, akawaongezea wote kahawa, akamruka Gregory.