Ufunguo wa Shangazi wa Maktaba

Leo, tarehe 30 Juni, mtunza maktaba wetu anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Mimi natimiza miaka saba na miezi miwili tangu niondoke kwetu kuja kubeba zege huku. Nimeombwa niandike wasifu wake. Shule niliiachia darasa la sita, kwa hiyo mtanivumilia. Na niseme mapema: naandika nikiwa na kijicho, maana ufunguo wa chumba cha kikundi chetu, nilioutamani kwa moyo wote, amepewa mwenzetu mmoja, fundi cherehani.

Alianza kwa kufuta vumbi kwenye rafu, akapanda hadi akawa mkuu wa jengo zima. Tunamwita Shangazi kwa sababu humkosoa mtu mbele za watu, kisha humwekea chai. Ndiye aliyeanzisha kikundi cha Alhamisi cha kusoma vitabu vya ndege, miti na wadudu. Alikipanga jioni ili nasi vibarua tuje, akatandaza magazeti kwenye viti tukae na matope yetu.

Sharti lake ni moja: hufungui sura mpya mpaka ukione kwa macho yako kile ulichokisoma. Sura ya konokono ilitutoa jasho. Tulikaa nayo wiki tano za kiangazi, watu wazima tukipekua chini ya mapipa. Aliyempata ni fundi cherehani. Siku zote ni yeye. Ana mwandiko wa kupendeza, na akisoma kwa sauti mtu unasahau kusinzia.

Nilimpita mara moja tu. Kwenye tundu la ukuta tuliokuwa karibu kuupiga lipu nilikuta kiota chenye mayai matatu. Msimamizi akafoka, "Ziba hapo, hatujengi banda la kuku!" Nikakimbilia maktaba. Shangazi akaja na viatu vyake vya ofisini, akapanda jukwaa, akachungulia, akashuka.

"Mwanangu," akamwambia msimamizi, "mpangaji ameshahamia. Kumtoa ni kesi."

Upande ule ulisubiri wiki tatu, hadi makinda walipoondoka. Halafu nani aliandika habari hiyo kwenye daftari la kikundi? Fundi cherehani. Wageni wakiisoma humpongeza yeye. Roho iliniuma, na bado inauma.

Juzi nilimfuata Shangazi kaunta, nikamuuliza nina kasoro gani.

"Miaka yote hujakosa Alhamisi hata moja," akasema. "Ndiyo kasoro yenyewe. Mkeo anakuona lini?"

Nikamwambia ujenzi haujaisha.

"Ujenzi hauishi, baba. Nikikupa ufunguo huu, utakuwa umepata sababu nyingine ya kubaki."

Niliondoka bila kuaga, na kwa hilo naomba radhi hapa mbele ya wote.

Shangazi, asante kwa viti, kwa chai na kwa kutusema. Kikundi kizima kinakuombea afya na siku nyingi za kusoma unachotaka, bila sharti la mtu. Alhamisi hii nitakaa nimsikilize fundi cherehani, wivu nikiwa nao vilevile. Ijumaa nasafiri. Tiketi nimeshakata, na mke wangu nimeshamwambia: nitafika nyumbani Jumapili, tarehe 5 Julai, kabla jua halijazama.