Muuguzi Aliyeomba Macho ya Marehemu

Ndugu waombolezaji, majirani, wafanyakazi wenza wa marehemu, na ninyi mliotoka mbali tangu alfajiri, poleni kwa safari na poleni kwa kusimama juani, viti ni vichache na msiba haukutupa nafasi ya kujipanga. Anayewasomea ni kaka mkubwa wa marehemu, mzaliwa wa kwanza katika familia ya watoto watano, na katika karatasi hii ametajwa kama kaka wa marehemu tu, kwa kuwa ndivyo historia hizi zinavyoandikwa, na pia kwa kuwa kuna mahali huko mbele ambapo kama angelazimika kujitaja mwenyewe asingeweza kumaliza kusoma.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1964, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, ambako baba yao alikuwa mchoma matofali, akiwa mtoto wa tatu na binti wa kwanza. Baba alikuwa akirudi jioni macho yamemvimba kwa vumbi la tanuri, na huyu binti, hata kabla ya kuanza shule, ndiye aliyekuwa akimketisha kwenye kigoda, akipindua kope kwa kijiti cha kiberiti na kutoa chembe moja moja kwa ncha ya kitambaa, huku kaka zake wakikimbia nje kwa sababu hawakuweza kutazama. Baba akampa jina la utani la Daktari, na jina hilo lilimganda mpaka siku alipovaa sare.

Alianza shule ya msingi mwaka 1971 na kuhitimu mwaka 1977, akaendelea na sekondari mpaka mwaka 1981, na Januari 1982 akajiunga na chuo cha uuguzi, akahitimu Desemba 1985. Aliajiriwa hospitali ya wilaya tarehe 3 Machi 1986, wodi ya watoto, na huko ndiko alikoona watoto waliopona surua wakirudishwa nyumbani wazima wa mwili lakini macho yamekwisha, yamekuwa meupe kama maziwa yaliyoganda, na mama zao wakishukuru kwamba angalau mtoto yu hai. Alisema kwamba ni shukrani hiyo iliyomnyima usingizi, si kilio. Mwaka 1994 alikwenda kusomea uuguzi wa macho, na aliporudi alipewa chumba chenye dirisha moja mwisho wa korido, pazia lilikuwa blanketi, na bango la herufi lilining'inizwa mlangoni, mahali ambapo wagonjwa waliokuwa kwenye foleni walilikariri lote kabla ya kuitwa, hata mzee mmoja asiyeona kitu akalisoma mpaka mstari wa mwisho bila kukosea, na marehemu akalazimika kulipindua juu chini.

Alifunga ndoa Jumamosi ya tarehe 17 Desemba 1988 na shemeji yetu aliyeketi hapa mbele, fundi seremala, ambaye jicho lake la kulia lilipotea utotoni kwa hiyo hiyo surua, na watu walipomuuliza marehemu kwa nini achague mwanaume mwenye jicho moja, alijibu kwamba hilo moja linamtosha, kwani linamtazama yeye peke yake. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti ambaye sasa ni mwalimu na mvulana ambaye ni fundi umeme, pamoja na wajukuu watatu.

Mwaka 2006 marehemu aliacha kazi ya serikali na kujiunga na shirika lisilo la kiserikali lililokuja kupambana na upofu unaotokana na kioo cha jicho, ile ngozi nyembamba ya mbele isiyo na rangi, ambayo ikikwaruzwa na jani la mahindi au kipande cha ukuni, na kidonda kikiachwa siku tatu nne, huota kovu na mtu akawa kipofu kwa jambo ambalo lingepona kwa tyubu moja ya dawa. Aliwafundisha wahudumu wa kujitolea mia moja na kumi na wawili katika vijiji arobaini na vinane, kila mmoja akapewa tochi ya mwanga wa buluu, karatasi za rangi ya kuonyesha mkwaruzo, na dawa ya kupaka mara tatu kwa siku kwa siku tatu, na kwa miaka kadhaa vidonda vilivyofika hospitali vikapungua mpaka daktari akadhani daftari limepotea. Huko vijijini walimwita Mama Tochi. Kisha mwaka 2019 wafadhili wakaandika kwamba vipaumbele vyao vimebadilika, dawa zikaisha, wahudumu wakabaki na tochi ambazo walizitumia kutafutia kuku, na marehemu akaendelea kuzunguka Jumamosi na Jumapili kwa miguu yake mwenyewe, akipeleka tyubu tano mahali palipohitaji mia mbili, na kila alikokwenda alikuta makovu mapya.

Kazi yake ya pili katika shirika hilo, ambayo wengi wenu mliichukia, na baadhi yenu mlimfukuza milangoni, ilikuwa ya benki ya macho, yaani kuomba familia iliyofiwa iruhusu vioo vya macho ya marehemu wao vichukuliwe ili ashonewe mtu aliye hai. Jambo hilo lina muda wake, haupaswi kuzidi saa sita tangu pumzi ya mwisho, kwa hiyo alilazimika kubisha hodi wakati watu hawajamaliza hata kupigiana simu, akae kwenye ukingo wa kiti, atoe pole, ndipo aombe. Aliitwa mwewe, aliitwa mchawi, na kaka yake mwenyewe, kila walipokutana kwenye shughuli za familia, alijiziba macho kwa viganja na kumwambia amtazame vizuri, bado anayatumia, naye akajibu kwamba hata akipewa bure hayataki, yamechoka kwa kuchungulia mambo ya watu. Walicheka sana kwa utani huo. Lakini alipomletea fomu yake mwenyewe, ili aweke saini kama shahidi wa familia kwamba akifa yeye vioo vyake vichukuliwe, kaka aliiweka kwenye droo na kusema ataisoma, na kila alipoulizwa alisema ataisoma.

Mnamo Agosti 2013, marehemu akiwa vijijini kwa siku kumi akifundisha wahudumu namna ya kutibu mkwaruzo, mumewe aliingiwa na kipande cha mbao katika jicho lake lililobaki, na jirani mmoja mwenye huruma akampa matone yaliyosalia kwenye chupa ya dawa yake mwenyewe, matone ambayo huondoa wekundu na maumivu, na chini ya nafuu hiyo hukiachia kidonda kikile kioo chote. Kila jioni marehemu alipiga simu nyumbani, na kila jioni mume alimwambia hajambo, jicho linamwasha kidogo tu, afanye kazi za watu. Aliporudi akamkuta ameketi karakanani anapapasa randa. Yeye aliyeokoa macho ya vijiji arobaini na vinane alichelewa siku saba kwa jicho la nyumbani kwake, na tangu siku hiyo hakuna aliyemsikia akilizungumzia tena.

Shemeji aliandikishwa kwenye orodha ya wanaosubiri kioo, namba sitini na tatu, na marehemu ndiye aliyeitunza orodha hiyo. Angeweza kumsogeza. Watoto walimsihi, na kaka yake alimwambia waziwazi kwamba huo ni ujinga, kalamu iko mkononi mwako na mtu wako yuko gizani, naye akajibu kwamba hao sitini na wawili nao ni watu wa mtu. Familia zilikuwa zikikubali mbili au tatu kwa mwaka, kwa hiyo shemeji alisubiri miaka kumi na miezi kadhaa, wengine walio mbele yake wakashonewa, wengine wakafa wakingali kwenye foleni, mpaka mwanzoni mwa mwaka huu akawa wa pili, akitanguliwa na mama mmoja mkulima mwenye watoto watatu ambaye hajawahi kumwona mtoto wake wa mwisho. Wakati huo huo shirika likatangaza kwamba benki ya macho itafungwa mwisho wa mwezi huu wa Juni.

Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo Oktoba 2023, miguu ikavimba, akalazwa mara tatu, na mara ya mwisho ilikuwa tarehe 2 Juni 2024. Alijua hatatoka. Alimwita fundi wa benki ya macho, mwanamke waliyefanya naye kazi miaka kumi na mitatu, akamkumbusha kwamba yeye ana vioo viwili na orodha ina wawili mbele, akaomba kila kitu kiwe tayari, na akafariki dunia Jumanne ya tarehe 11 Juni 2024, saa nne na dakika arobaini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini. Mumewe alikubali papo hapo, akashikwa mkono akaweka saini. Kabla ya saa sita mchana fundi alikuwa ameshafika na kisanduku chake cha baridi, akaketi kwenye benchi nje ya chumba cha maiti, na kilichobaki kilikuwa neno la familia yake ya kuzaliwa, kwa kuwa katika familia hiyo tangu enzi za baba maiti haiguswi mpaka mkubwa afike.

Mkubwa alipigiwa simu. Fundi alimweleza muda taratibu, akamweleza mara mbili, akamtajia na dakika, mwisho saa kumi na dakika arobaini, na kaka wa marehemu alielewa kila kitu, asije mtu akasema hakuelewa. Alisema msiguse mpaka nifike. Alitaka kumwona mdogo wake alivyokuwa, akiwa na macho yake. Safari ilikuwa ya saa tatu na nusu, na angewahi, lakini alipita kuwachukua mashangazi wawili ambao walikuwa bado wanafunga mizigo, akaona aibu kuwaharakisha, akanywa na chai waliyomtengea, na akafika hospitali saa kumi na mbili na robo jioni. Fundi alikuwa bado kwenye benchi. Alisimama, akampa pole kwa mikono miwili, akachukua kisanduku chake kikiwa kitupu, akaondoka.

Kaka aliingia. Macho yalikuwa yamefumbwa na kufunikwa kwa pamba yenye maji, kama inavyotakiwa ili vioo visikauke, pamba ambayo fundi alikuwa akiilowesha muda wote ule, kwa hiyo hakuona alichosubiriwa akione. Alipotoka, shemeji yake aliuliza kama ameshamwona, na alipoambiwa ndiyo, akaomba aelezwe yukoje, kwa kuwa yeye mara ya mwisho kumwona mkewe alikuwa na miaka arobaini na tisa. Kaka alimweleza pamba tu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, majirani waliopika na kuteka maji, wafanyakazi wenzake wa shirika, hasa fundi wa benki ya macho, na wahudumu wa vijijini mliokuja na tochi zenu. Yule mama mkulima mwenye watoto watatu hayupo hapa, na familia haina cha kumshukuru, ina cha kumwomba radhi, ingawa radhi hiyo haitamfaa kitu. Shemeji, wewe uliniambia jana nisome yote bila kuruka, nami nimesoma.

Pumzika kwa amani, dada, hakuna tena wa kukusubirisha.