Ramani Inasema Mtandao Upo

Benchi letu liko nje ya duka la kinyozi, na asubuhi hiyo kahawa ilipoa vikombeni kwa jinsi tulivyopandwa na mori. Mpwa wangu alikuwa amekuja na barua. Kazi yake ni kuwatafsiria wagonjwa na madaktari kwa mtandao, akiwa nyumbani kwake, nyumba ya tano kutoka hapa. Mtandao unamkatikia mgonjwa akiwa katikati ya kueleza anapoumwa, na waajiri wamempa mpaka mwisho wa mwezi arekebishe au aondoke. Tukaomba waya mpya. Kampuni ya mtandao imejibu kwa barua hiyo kwamba kwenye ramani ya vipimo mtaa wetu ni wa kijani, mtandao wetu safi, asanteni.

Hiyo ramani naijua vizuri. Mwaka jana watafiti waligawa vijisanduku vya kupima. Unachomeka kimoja kwenye mtandao wako, kinapima kutwa kucha, kinatuma majibu yanayochora ramani hiyo. Mtaa wetu ulipata vinne, na msimamizi wake ni mimi, fundi viatu. Kwenye hilo mtu asiniguse. Vyetu havijazimika hata siku moja, watafiti wenyewe walituandikia kutupongeza.

— Kampuni imevihonga, akasema Antena, fundi redio wetu, mtu asiyekosa jibu.

— Utahongaje kisanduku? nikamuuliza.

— Unakipa njia yake peke yake. Chenyewe kinapita, sisi tunabaki kwenye foleni.

Kinyozi akatoka na wembe mkononi, akamwacha mteja na povu shavuni. Yeye alidai vinaibiana majibu, kimoja kikidanganya vingine vinanakili. Antena hakukubali kupitwa. Akasema vimeshatuzoea, vinatuonea haya kutupa alama mbaya. Mimi nikasimama kabisa, damu inachemka, nikatangaza kwamba leo leo tunaandika malalamiko na sahihi ya kwanza ni yangu. Mpwa wangu alishaanza kuyaandika kwenye simu, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo nilimwona anacheka.

Ndipo yule mteja akatoka nje, taulo shingoni, shavu moja limenyolewa na jingine bado.

— Samahani wazee. Ndivyo hivyo vinne vinavyowakawaka juu ya kioo humu ndani?

Nikamjibu kwa fahari kuwa ndivyo. Nikamweleza kwamba majumbani watu wanavichomoa ili wachaji simu, umeme nao wa kubahatisha, basi nilipita nyumba hadi nyumba nikavikusanya vyote, na cha mpwa wangu kikiwemo. Kinyozi ana betri, na waya wake mzuri unatoka barabara kuu. Hapa havizimiki.

— Sawa, akasema. Sasa nyumbani kwa huyu dada, nani anapima?

Kinyozi akaanza kuufuta wembe uliokuwa mkavu. Nilihisi uso unaniwaka, kwa sababu wazo lile lilikuwa langu tangu mwanzo, na hakuna aliyenituma.

Nikaingia ndani. Kinyozi akanionya kwamba nikikigusa naharibu rekodi yetu, nami nikakichomoa cha mpwa wangu, nikamletea mkononi, bado kina joto.

— Kichomeke kwako sasa hivi, mwanangu. Wataona wenyewe.

Aliisoma tena barua, polepole, kidole kikifuata mistari. Hakunikasirikia, na hilo ndilo lililonimaliza.

— Mjomba, wanasema wanaangalia vipimo vya siku tisini. Mwezi umebakiza siku kumi na moja. Zilizobaki nazitoa wapi?