Tunatoa Tuzo, Tunadai Miisho

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Meya. Mwalimu Mkuu na walimu. Wazazi wenzetu mliowahi na mliochelewa. Na ninyi watoto mlioketi sakafuni:

Sisi wazazi wa shule hii tunakukaribisha kwa moyo mmoja. Mwezi uliopita tusingeweza kusema hivyo, maana mioyo ilikuwa mingi na kila mmoja ulikuwa na kinyongo chake. Tutakueleza. Utusamehe kwa kiti ulichokalia, kinayumba upande wa kushoto. Kizuri kipo, ni hicho kilichofunikwa shuka pembeni ya meza, lakini si chako.

KILICHOTUKUTANISHA

Ofisi yako ilitutaarifu kwamba mtaa wetu utoe tuzo kwa mtu mzima mmoja aliyewafaa watoto kuliko wengine, tukaombwa tupeleke jina. Tukaitisha kikao, na kikao hicho ndicho kilichotufundisha kwamba shule hii ina watu wema kupita kiasi. Mama muuza nguo alimpendekeza mweka hazina, ambaye ni dada yake. Mweka hazina akampendekeza mama muuza nguo. Fundi seremala alisema yeye hapendi makuu, akatukumbusha tu ni nani aliyetengeneza madawati ya darasa la pili. Walioona kwamba tuzo iende kwa akina mama wanaopika chakula cha mchana walikuwa akina mama wanaopika chakula cha mchana. Kikao kilifungwa watu wakiagana kwa ncha za vidole.

Hapo katibu wetu, ambaye ndiye anayesoma risala hii, akatoa wazo. Tuwaulize watoto wenyewe. Kila mtoto amnong'oneze mwalimu wake wa darasa jina la mtu mzima ambaye angependa ashukuriwe, na atakayetajwa sana ndiye. Wazo lilipita bila kupingwa, kwa sababu kila mzazi alishajua nani atatajwa. Sisi ndio tuliowazaa. Sisi ndio tunaowatafutia soksi ya pili kila asubuhi chini ya kitanda. Wangemtaja nani mwingine?

Katibu ameombwa asitoe wazo jingine mpaka mwakani.

Walimu waliporudi na majibu, kulikuwa na jina moja. Darasa la kwanza, jina moja. Darasa la saba, wanaojiona wameshakuwa watu wazima, jina hilo hilo. Wala si jina alilopewa na wazazi wake, ni lile walilompa wao.

Mgeni rasmi, kabla hatujaendelea, tunawaomba watoto wa darasa la kwanza wamshike mikono mama aliyekaa nao kule nyuma karibu na mlango, yule mwenye tepu ya kupimia nguo shingoni, asije akatoka. Mama, tulikwambia uje kupima sare za wanafunzi wapya. Hakuna wanafunzi wapya. Shangazi Ikawaje, tuzo ni yako. Kaa tu, risala bado ni ndefu.

Na tuseme hapa hapa: watoto hawa walijua, na walinyamaza. Watoto ambao huwatangazia majirani tunapogombana na tunapoishiwa sukari, wamemtunzia mtu huyu siri mpaka leo. Sisi hawajawahi kututunzia hata moja.

HISTORIA KWA UFUPI

Shangazi Ikawaje alikuja shuleni hapa kama fundi wa sare. Kila anayejua kazi ya cherehani anajua kwamba kumpima mtoto ni sawa na kumpima kuku, hatulii. Yeye akawa anawasimulia. Hadithi ilianza tepu ikiwa begani, ikashuka na mkono, ikazunguka kiuno, na tepu ilipofika kwenye kifundo cha mguu hadithi ilikuwa mahali pabaya kabisa: fisi ameingia ndani na mlango umejifunga. Hapo anakunja tepu, anamtazama mtoto na kumuuliza, "Ikawaje?" Kisha anaita mwingine.

Ndipo tukaanza kuona kaptura nzima zikichanika kwa miujiza na pindo za sketi zikifumuka zenyewe, ili wenye nazo warudi kwenye foleni. Tulizishona sisi.

Mwalimu Mkuu aliona kwamba siku ya kupimwa sare hakuna mtoro wala mgonjwa. Akamwomba Shangazi abaki awe msimulizi wa shule, akampa stoo ya chaki na kipindi kimoja kwa kila darasa. Ndiyo ofisi yake mpaka leo. Anakalia ndoo iliyogeuzwa.

Kuhusu neno "Shangazi", wazazi hatukushirikishwa. Baadhi ya watoto hawa wana mashangazi wa damu mtaa wa pili tu, na kuwapelekea salamu mpaka walazimishwe.

MAFANIKIO

Hatuwezi kuyaficha, ingawa tulijaribu. Utoro umekwisha. Watoto waliokuwa wakisoma kwa kuviziana na herufi sasa wanagombania vitabu, kwa kuwa Shangazi aliwaambia hadithi nyingine amezificha mle. Mtoto wa dereva wa lori aliyekataa mboga za majani tangu aote meno anazila, kwa sababu shujaa mmoja wa hadithi alizila akaona gizani. Mama yake alimwambia jambo hilo hilo miaka yote. Hakuwa na shujaa, alikuwa na mwiko tu.

CHANGAMOTO

Katika rasimu ya kwanza tuliandika "upungufu mdogo wa mawasiliano baina ya shule na nyumbani". Mwalimu Mkuu aliisifia sana sentensi hiyo. Tumeifuta. Changamoto yetu ni wivu.

Mgeni rasmi, wewe ni mzazi, utatuelewa. Unamwita mtoto mara ya kwanza hasikii, ya pili hasikii, ya tatu anaitika akiwa bado ameinamia jambo lake. Mtoto huyo huyo, Shangazi akikohoa tu upande wa pili wa uwanja, anageuka. Unamuuliza leo shuleni mlifanya nini, anakujibu, "Hakuna." Unapita nyuma ya nyumba unamkuta anamsimulia mdogo wake yale ya Shangazi, kwa sauti ya Shangazi, mikono kiunoni kama Shangazi.

Hatukukaa bure. Dereva wa lori aliamua kwamba hadithi si kazi ya ajabu, akamkalisha mwanawe sebuleni na kumsimulia ya kwake. Palikuwa na fisi, akala sana, akafa. Mtoto alisubiri kidogo aone kama kuna zaidi. Kisha akasema kwa adabu zote, "Asante Baba. Pole na kazi."

Tulipoona hivyo tukatuma ujumbe wa kupeleleza. Mama muuza nguo, mweka hazina na katibu walikwenda kwenye stoo ya chaki wakisingizia kupeleka masweta yaliyosahaulika nyumbani. Ilikuwa siku ya joto kali, lakini hakuna aliyewauliza. Walisimama nje ya mlango ili waone siri yake ni nini, waiibe.

Hawakuona siri yoyote. Sauti ni ya kawaida, tena ina mikwaruzo. Hana ngoma, hana picha. Anaanza, anafika mahali, ananyamaza, na kumsubiri mtoto mmoja amalizie neno, hata kama mtoto huyo anachukua muda kulipata. Anasubiri kama mtu asiye na sufuria jikoni. Mama muuza nguo alisahau kwamba amemwachia biashara jirani. Tuliumia zaidi, maana kama kungekuwa na ujanja tungeununua.

Kisha ndani ya stoo simba akanguruma. Ilikuwa ngurumo ya kweli, ya tumboni, watoto wakapiga kelele kwa raha. Katibu aliguswa bega na mweka hazina. "Huyo si wako?"

Alikuwa wake. Mgeni rasmi, huyu ni binti ambaye nyumbani ana maneno mawili, ndiyo na hapana, na hapana yenyewe huitoa kwa kichwa. Tulishamtetea kwa majirani kwamba ni mpole, tulishamwombea. Kumbe sauti anayo. Ilikuwa imehifadhiwa stoo ya chaki, pamoja na madasta.

Jioni ile mama yake alikuwa akimsuka nywele. Alijitahidi iwe kama mazungumzo ya kawaida.

"Leo ulikuwa simba?"

Kichwa kikakakamaa mikononi mwake. "Nani kakwambia?"

"Nilisikia nikipita."

Binti akasema taratibu, kama anayemrudisha mtu kwenye kiti chake, "Lakini Mama, ile ilikuwa ya Shangazi."

Mama akagawa fungu jingine la nywele. Akauliza, "Haya, simba akanguruma. Ikawaje?"

"Hajatuambia. Mpaka kesho."

Ndipo tulipoelewa tatizo letu liko wapi. Leo ya watoto tulishajua kwamba ni yake. Na kesho pia alishaichukua. Mtoto anakuja nyumbani kula na kulala tu, anasubiri.

MAOMBI

Mgeni rasmi, tuna maombi matatu.

Kwanza, stoo ya chaki itobolewe dirisha. Watoto wanatoka mle weupe vichwani kama wazee, na Shangazi kifua chake si cha chuma. Hili ni la ofisi yako na ni dogo.

Pili, tumesikia kwa mtu wa ofisini kwako, hatumtaji kwa kuwa ni shemeji wa mmoja wetu, kwamba mshindi wa tuzo huenda akachukuliwa azungushwe katika shule zote za mji. Tunaomba wazo hilo liishie hapo lilipofika. Tumemwonea wivu yeye mpaka tumechoka. Hatuna nguvu ya kuanza kukuonea na wewe. Shule nyingine zije hapa, zilete ndoo zao za kukalia.

Tatu, na hili ndilo lililotufanya tuandike risala. Tunalipitisha kwako kwa sababu tukimwambia wenyewe tutaonekana tuna wivu, na kwa sababu wewe una cheo cha kumfanya akubali. Tunadai miisho. Shangazi aanze hadithi zake kama kawaida, azifikishe kifundoni, aulize ikawaje. Kesho yake asimalizie. Aanze nyingine. Mwisho uje nyumbani.

Tunajua tutaharibu. Fisi wa dereva wa lori atakufa mapema kila siku. Hadithi zote za mama muuza nguo zitaishia kwenye arusi, na zile za mweka hazina zitaishia kwa kila mtu kurudisha alichoazima. Darasa moja litaamka na miisho mingi kuliko vichwa, watabishana mpaka kengele. Hilo halitusumbui. Hata tukikosea, watakuwa wamekuja kutuuliza sisi.

Shangazi, tunakuona unafuta macho kwa hiyo tepu. Usidhani tumekusamehe. Tumekupa kura kwa sababu watoto walishakupa, na tumekutengenezea kiti kwa sababu hatukutaka Mheshimiwa akukute kwenye ndoo, aibu ingekuwa yetu. Fundi seremala amekipiga msasa mpaka mkewe akaja kulalamika kwenye kikao, kwamba chao nyumbani kinakosa mguu. Kina egemeo. Kina mikono. Ni kizuri kuliko tulivyokusudia.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, ukishamkabidhi kiti chake, tunaomba umwombe akikalie na awasimulie watoto hadithi moja hapa hapa mbele yetu, aikate palipo pabaya. Wewe nasi tusikilize. Tafadhali usimalizie, hata kama mwisho unaujua. Usimnong'oneze mtoto yeyote. Panda gari uende nao.

Jioni ya leo tutakuwa jikoni, redio imezimwa, mlango wazi. Wengine wetu tumekuwa tukifanya mazoezi. Katibu ameshasikika akiisimulia sufuria.

Mungu akurudishe nyumbani salama, Mheshimiwa, ukute na wako wana la kukuuliza. Amjalie Shangazi afya ya kifua. Na sisi atupe maneno, kabla chakula hakijaiva.

Ni sisi, Umoja wa Wazazi wa Shule.

Imesomwa kwa niaba yao na katibu, Mama Simba.